Mboga ya Upande wa Bwana Harusi

6 Novemba

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa mezani kwangu, mapokezi ya kliniki ya meno. Wagonjwa wawili tu wamebaki. Mmoja ameshika shavu, mwingine amejificha nyuma ya gazeti ili asisikie mashine ya daktari, ila gazeti lenyewe amelishika juu chini. Bibi anaendeleaje na goti lake? Na mdogo wangu, binti yako, bado anaimba akiosha vyombo mpaka vyombo vinavunjika? Nisalimie wote, hata yule paka wa bucha asiyesalimika.

Nimeshika kalamu kwa sababu tangu siku ya harusi simu yangu hupokei. Nimepiga mpaka yule dada wa mtandao anayesema mteja hapatikani nimemzoea kama wifi.

Shangazi, kumbe ndoa ni tamu hivi na mkanyamaza. Tuna vyumba viwili ghorofa ya tatu, na kiroshani chembamba ambacho watu wawili wakisimama lazima wakumbatiane, nami silalamiki. Kitanda mume wangu amekiunda mwenyewe kwa mabomba ya chuma, akakipaka rangi ya kijani kwa sababu siku tulipojuana nilivaa gauni la kijani. Jioni akirudi kutoka karakana ananukia chuma na sabuni. Asubuhi ananifunga kamba za viatu, eti vidole vyake vinakaa bure mpaka saa mbili. Natabasamu kazini mpaka daktari ameniuliza kama natafuta kazi ya tangazo la dawa ya meno.

Sasa tusifunike kombe. Ulitoka harusini kwangu bila kula, na mimi najua kwa nini, na wewe unajua kwamba najua. Siku ya kupanga shughuli ulisema mbele ya wote, sebuleni kwako: "Sisi upande wa bibi harusi tutapika wali. Ninyi upande wa bwana harusi leteni mboga." Kwetu mboga ni kitu chochote kinachosindikiza wali kooni. Mtu akiuliza leo mboga gani, anajibiwa nyama, wala hashangai. Kwao mboga ni mboga, kitu kilichochumwa kwenye tuta. Nao wakawaza kwa akili zao timamu: shangazi wa bibi harusi ana bucha, nyama ataikosaje? Bila shaka anataka tumletee cha kuweka pembeni.

Basi mume wangu akasimama kwenye moto tangu alfajiri, na suti yake ya harusi imening'inia kwenye tawi mbali na moshi. Ukafunua sinia la kwanza ukitegemea nyama, ukakuta mabiringanya. Ukafunua la pili, mamumunye machanga na pilipili hoho. La tatu, jibini yenye mistari ya moto kama pundamilia. Ukalifunika sinia polepole, ukachukua mkoba wako, ukaenda. Nilikuona. Nilikuwa nimekaa jukwaani na shela langu, siwezi kukukimbilia.

Watu walicheka, ndiyo. Lakini walikula, Shangazi. Masinia yalirudi matupu. Njoo kwetu Jumapili yoyote ukae rohani kwangu na roshani kwangu, uonje kile ulichokifunika.

Mwanao, Chiriku wako, sasa mke wa mtu.


2 Desemba

Chiriku,

Marahaba. Barua yako ilifika inanuka moshi. Mtu wa posta aliniuliza kama kwenu kumeungua.

Bibi yako hajambo. Goti linamuuma akitumwa na linapona akiitwa kula. Mdogo wako amevunja lile bakuli la maua na amesema ni upepo. Friji la bucha lilikufa Jumanne, fundi akalifufua Jumatano, Alhamisi likafa tena. Mimi mzima.

Sijakasirika. Nimekuwa na kazi.

Jana mteja wangu wa miaka mingi alisimama mbele ya mizani akaniomba biringanya lisilo na mfupa. Bucha zima likacheka. Nami nikacheka, kisha nikamkatia nyama yenye mfupa kuliko nyama. Huyo ni wa kumi na ngapi sijui, nimeacha kuhesabu. Miaka yote nimeuza nyama mtaa huu, siku ya kumuoza mtoto niliyemlea mimi nikalisha wageni majani. Wewe sema ni neno tu. Neno ndilo linalonisalimia kila asubuhi nikifungua mlango.

Mdogo wako amepata mchumba. Wazazi wa kijana wanakuja kututambua rasmi Jumamosi ya kwanza ya Machi, na tutakula hapa uani. Wewe ni dada yake mkubwa, kiti chako kipo. Huyo Bwana Biringanya wako, akitaka kuja, aje na mbuzi mzima, asimame mbele ya watu, aseme alikosea. Hataki, njoo peke yako.

Kuhusu Jumapili, Jumapili nina kazi.

Shangazi.


7 Desemba

Shangazi yangu,

Shikamoo tena, na hongera nyingi kwa mdogo wangu. Mwambie nimelia kwa furaha mpaka mgonjwa akaniambia pole dada, nawe unang'olewa? Mwambie akipata mume kama wangu hatataka kutoka nje, na asipompata wa hivyo basi angalau ajifunze kumfundisha. Bibi mwambie ninamletea mafuta ya goti. Friji lenu, mume wangu anauliza kama ni mlango haufungi vizuri, kwa sababu bawaba ikilegea hata fundi wa friji aje kila siku atakunywa chai yenu bure.

Nilimsomea barua yako wakati wa chakula. Sikuruka mahali. Alisikiliza huku akijikuna mkononi, pale penye makovu madogo ya cheche. Kisha akasema, "Tumpelekee mbuzi, Chiriku. Mbuzi wapo wengi, shangazi ni mmoja."

Unaona mtu niliyeolewa naye? Na kwa sababu yuko hivyo, nimemkatalia mimi.

Hataleta mbuzi. Kwanza nyama hiyo akanunue wapi? Kwenye bucha lako, kisha akuletee mwenyewe? Lakini utani kando. Mbuzi huyo hatafika kama zawadi, atafika kama faini, na faini hutozwa mkosaji. Mume wangu alisikia mboga akaleta mboga. Kama kuna kosa hapo, basi kosa ni la kamusi, nayo haina shingo ya kufunga kamba.

Tena hukuona alivyohangaika, kwa hiyo acha nikuoneshe. Biringanya analikata vipande vya unene wa kidole, analitia chumvi, analiacha litoe jasho lake chungu, kisha analifuta kama mtu anavyomfuta mtoto uso. Pilipili hoho anaiweka nzima mpaka ngozi inakuwa nyeusi, watu wakiona wanasema imeungua, yeye anaifunika kwenye sufuria, na baadaye ngozi inatoka kwa vidole na ndani ni nyekundu na laini. Jibini anaitengeneza mama mkwe wangu mwenyewe, anailaza kwenye maji ya chumvi, na juu ya moto haikimbii. Inapata rangi, inalia kidogo, basi. Juu ya vyote ndimu, kitunguu saumu na giligilani. Alifanya hivyo kwa watu wote wa harusi yetu, akaninong'oneza pale mbele, "Nimekuchomea vipande viwili vya pembeni, vya peke yako," na huo ndio wakati nilipojua sikukosea.

Jirani wa juu alishuka mwezi uliopita kugomba kwamba mashuka yake yananuka kitunguu saumu. Siku hizi anaanika upande wa pili, na kila Jumamosi anatuteremshia kikapu kitupu kwa kamba. Hatumwiti. Kikapu kinakuja chenyewe.

Kwa hiyo jibu langu ni hili, na ninalisema kwa heshima zote. Nitakuja Machi na mume wangu, na jiko lake, na mabiringanya yake. Sitakula kwenye meza ambayo yeye amewekwa kando. Kama kiti ni kimoja, basi tunza hicho kimoja, usipate taabu ya kukifuta vumbi. Na jina lake si Bwana Biringanya. Ingawa nimemwambia, naye amelipenda.

Ni mimi yuleyule uliyemfundisha kutokukubali mizani ya mtu mwingine,
Chiriku.


11 Januari

Chiriku,

Marahaba. Barua zako zimekuwa ndefu, shule imekusaidia.

Mvua hakuna. Bibi yako anasema goti limemwambia itanyesha wiki ijayo, lakini goti hilo lilishawahi kutudanganya. Mchumba wa mdogo wako alikuja kusalimia, kijana mpole, anakula kwa adabu, ana masikio makubwa. Friji lilikuwa ni bawaba.

Hayo mengine uliyoandika nimeyasoma.

Kuna mteja wangu mmoja, humjui. Amesikia habari za hiyo jibini ya kuchoma akajaribu nyumbani kwake. Anasema aliiweka juu ya moto ikayeyuka yote, ikapita kwenye waya, ikadondokea kwenye mkaa, na mkaa ukapiga kelele kama paka aliyekanyagwa. Ukuta wa jikoni kwake umekuwa mweusi. Anauliza kama huo ndio upishi au mnadanganya watu. Mimi nimemwambia sijui mambo hayo, nitauliza.

Shangazi.


15 Januari

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako mara mbili kazini, na mara ya tatu nimeisoma kwa sauti jikoni, na mume wangu amelazimika kuweka chini kisu kwa kucheka. Tunashukuru kwa habari za bawaba. Ametembea kifua mbele jioni nzima.

Pole nyingi kwa mteja wako, yule unayesema simjui. Mwambie alinunua jibini laini ya kupaka mkate. Hiyo moto ukiiona tu inakata tamaa. Anatakiwa jibini ngumu iliyokaa kwenye chumvi, aikaushe kwa kitambaa safi, aikate nene, na asiigeuzegeuze kama mtu anayetafuta usingizi. Aiache mpaka iachie waya yenyewe. Na moto usiwe na ndimi, angoje mkaa uvae majivu meupe. Mwambie asitie mafuta kwenye jiko, ayapake kwenye mboga. Nasema mboga ya kwetu sisi wa huku.

Mwambie pia, kwa kuwa mnaongea, kwamba kuna mke wa fundi mmoja anayesubiri kusikia habari za kiti cha pili, na ana shingo ngumu kama ya aliyemlea.

Daktari ameniomba nisilete tena mabaki ya chakula mapokezi. Siyo harufu, eti wagonjwa wanaanza kula kabla hajawashughulikia meno.

Chiriku.


29 Januari

Chiriku,

Marahaba. Sote wazima, naandika haraka, kuna ng'ombe anashushwa.

Mteja anasema biringanya limekubali. Anasema hakutegemea. Anasema limekaa kinywani kama kitu chenye mafuta yake, na kwamba ukiliweka karibu na kipande cha nyama ya mbavu halijioni mnyonge. Haya ni maneno yake. Jibini ya namna unayosema huku haipatikani. Vitunguu viliungua, lakini siku hiyo alikuwa na mawazo.

Hajasema mawazo gani. Sikumuuliza.

Shangazi.


2 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Mzigo unaokuja pamoja na barua hii ni wa mteja wako. Ndani ya kopo lenye maji ya chumvi kuna jibini ya mama mkwe. Alipoambiwa kuna mtu wa bucha lako anaitaka, alisema, "Wa bucha lile? Mpe kubwa." Si kwa kejeli, yeye hana kejeli, nimemchunguza.

Hilo jiko lililofungwa kwa gunia amelitengeneza mume wangu. Waya wake umekazwa ili hata kipande chembamba kisipite. Kabla hajakata miguu yake aliniuliza mteja ana kimo gani, asije akainama akaumia mgongo. Nikamwambia, kimo cha Shangazi. Akasema, "Basi nakijua," akaendelea kukata. Hakuuliza kingine. Mtu huyu, Shangazi, kama ungemwona anavyopima hewa kwa kiganja, hapa kwenye kiuno chako, kama vile umesimama palepale karakana, ungepokea simu.

Lakini usinielewe vibaya. Jiko si mbuzi. Hatujalileta ili tupewe nafasi. Limetengenezwa kwa sababu mtu alikuwa anaunguza vitunguu, na mume wangu hawezi kusikia habari za namna hiyo akalala.

Neno langu la Desemba liko palepale. Machi imekaribia, mdogo wangu ameniandikia kwamba ameshashona nguo, ananiuliza nitavaa nini. Nimemjibu sijui, dada yake naye bado hajui kama amealikwa mtu mmoja au wawili. Nililia nikiandika hivyo. Sitaki ufikiri kwamba mimi ni jiwe. Nakukumbuka kila nikinusa karatasi ya bucha, na ukiniambia nichague nitachagua, nitajua nilichochagua, na nitalia miaka. Ila nitachagua. Kwa hiyo nakuomba usiniambie.

Mteja wako naye mkaribishe siku hiyo. Ningependa kumfahamu.

Chiriku.


20 Februari

Chiriku,

Marahaba. Mzigo ulifika salama, maji ya chumvi yalivuja kidogo tu. Bibi yako alionja jibini akasema ni kama jiwe lenye roho nzuri. Amekula vipande vingi, na goti halijasemwa tangu Jumatatu. Jiko ni la kimo sahihi.

Jumapili walikuja baba wa kijana na kaka yake huyo baba, kupanga shughuli. Tulikaa pale pale sebuleni. Huyo kaka mtu ana tumbo na ana maneno. Alipomaliza chai akasema, "Mama, tumesikia kwenu harusi huliwa majani. Tuje na nyama yetu mfukoni?" Akamtazama ndugu yake wacheke pamoja. "Tumesikia mkwe wenu ni mtaalamu wa biringanya. Mwanaume mzima."

Mdogo wako aliacha kuimba huko jikoni.

Nikamwambia, "Mkwe wangu huyo alilisha watu wa harusi nzima kwa mkono wake, na sinia halikubaki na kitu. Wewe katika maisha yako umemlisha nani?" Akasema alikuwa anatania. Nikamwambia, "Utani wa mkwe wangu una mwenyewe, na mwenyewe ni mimi. Wewe bado hujafika kwenye ukoo, unaanza na ngazi ya juu." Mchumba wa mdogo wako alicheka mpaka masikio yakawa mekundu. Kijana yule atafaa.

Kisha tukagawana kazi. Safari hii sikulitamka lile neno. Nimewaambia leteni vinywaji. Kinywaji hakina maana mbili.

Sasa sikiliza, na mumeo msomee, usiruke mahali. Mbuzi asije naye, mbuzi ninao. Afike Ijumaa, maana mkaa wa huku una unyevu na utataka kuzoewa. Mabiringanya nitanunua mimi sokoni, yeye asibebe, ila jibini mama yake atupe ya kutosha watu wote, na aje nayo mwenyewe, nataka nimwone. Jirani wenu wa kikapu mwambieni atafute pa kula siku hiyo. Yule mteja uliyemkaribisha hataweza kukaa nanyi sana, atakuwa na shughuli kama zangu.

Nyama itakuwa katikati ya meza. Hiyo haijadiliwi, mimi ni mwenye bucha. Biringanya na jibini vitakaa kando ya nyama.

Mumeo atakaa kando yangu. Mwenye kutaka kucheka acheke hapo, nikiwa nakata.

Shangazi.